Nguo mpya naizeesha, na hio ndio kazi

Wiki jana jirani aliniuliza tena mimi hufanya kazi gani khasa, nikamwambia nachora, akauliza wachora nini, nikamwambia nguo za filamu na za michezo ya jukwaani, picha za vitabu vya watoto, mabango, majina ya mashua, hina za maharusi, chochote kinacholipa. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Kwa hivo huna kazi." Wala hakusema kwa ubaya, alikuwa amekaa barazani na kikapu chake cha samaki na alitaka kunisaidia masikini, ana kijana wake yuko ofisini huko Mokowe, ng'ambo ya bara, angeweza kuniulizia nafasi.

Nyanya yeye ana swali lake jengine na huliuliza kila mzigo ukiingia. "Watu wakupa nguo mpya, waichafua, kisha wakulipa?" Ndio nyanya. "Na wao hawana pa kukaa wakajichafulia wenyewe?"

Skuli tulifunzwa neno maleba, kwenye fasihi, mavazi ya mwigizaji, ukaliandika kwenye mtihani na ukasahau. Hakuna mwalimu aliyesema kuna mtu hukaa chini na kanzu 15 mpya kabisa, bado zina mikunjo ya duka, akatakiwa azifanye zionekane zimevaliwa miaka sita na mchukuzi wa bandarini anayelala chali juu ya magunia. Jasho limekaa hapa shingoni, chumvi imeganda mgongoni, mikono imelika kwenye vifundo, goti la kushoto limefifia kushinda la kulia sababu ndilo analopigia chini akiinua mzigo. Hio ndio kazi. Ukiifanya vizuri hakuna atakayejua umefanya kitu, na ukiifanya vibaya kila mtu ataona, na mpaka leo sijajua namna ya kumpigia mtu bei ya kitu kisichoonekana.

Mimi sikusomea. Nilianza na hina kwa halati yangu, dada wa mama, hapa Langoni, mtaa wa Amu (ndio Lamu), nna miaka 12 hivi, nakaa pembeni namsukumia makaratasi ya hina na kumfukuzia nzi, mpaka siku moja bi harusi alikuwa na dada zake wengi na saa zimekwenda, nikaambiwa nimalizie miguu. Hina yafunza mkono jambo moja tu na ni kubwa, kwamba hakuna kufuta. Piko, ile rangi nyeusi, ndio kabisa, ukikosea umekosea mbele ya ukoo mzima. Sasa hivi nkichora kwenye kitambaa natumia karatasi zile zile za koni, natia uji wa wanga mzito badala ya hina, nachora mistari, ukikauka napaka rangi juu, afu naosha wanga unatoka na mistari inabaki na rangi ya kitambaa chenyewe. Mzungu mmoja wa filamu aliniuliza nimejifunza wapi ufundi huo, nikamwambia kwenye harusi akacheka akidhani ni mzaha.

Nafanyia kazi nyumbani, kiwandani. Na wale wa bara mkisikia kiwanda msifikirie mabomba na moshi, kwenye nyumba zetu za mawe kiwanda ni ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, jua linaingia, watoto wanaoga hapo na nguo huanikwa hapo. Lakini kusema kweli nshakifanya kuwa kiwanda cha aina zote mbili. Zidaka za ukutani ambazo mababu waliwekea sahani za kauri mimi nimepanga makopo ya rangi, na ndoo nane, na sufuria mbili ambazo NI MARUFUKU kupikia (nimeandika kwa rangi nyekundu, na bado mtu alipikia mihogo, hatukufa alhamdulillahi).

Basi niwaeleze ile kazi ya kanzu 15 maana ndio iliyonifunza kuliko zote.

Walikuja watu wa filamu, siwataji, hadithi yao ni ya miaka ya 1890 na walitaka kupiga picha siku nne hapa Amu. Bibi wa mavazi wao akanipigia simu kutoka Nairobi, akasema nguo zishanunuliwa, zitakuja kwa basi mpaka Mokowe, mimi nizipokee nizitie rangi ya udongo nizichakaze, siku tisa. Nikasema sawa. Hapo ndipo nilipokosea, nilikubali kabla sijaigusa nguo. Mzigo ukaja, nikavuka na boti kuuchukua, nikafungua pale pale gatini na vidole vikaniambia kabla ya macho. Inateleza. Nikachomoa uzi mmoja wa upindoni nikauwasha kiberiti. Pamba ukiiwasha inawaka kama karatasi na kubaki jivu laini la kijivu. Huu uliyeyuka ukajikunja ukawa shanga ngumu nyeusi na moshi wa plastiki. Poliesta. Sio yote, mchanganyiko, lakini poliesta ndio nyingi.

Kwa wasiojua, rangi niliyokuwa nayo ni ile ya pamba, unaitia na soda ashi (hio hio inayochimbwa Ziwa Magadi) na inashikana na uzi wa pamba moja kwa moja, haitoki tena. Kwa poliesta haishiki, unaosha na maji yote yanaondoka na rangi yako na pesa yako. Poliesta ina rangi zake nyengine na zinataka moto mkali wa kuchemsha muda mrefu, na kwa kanzu 15 ningehitaji sufuria la kupikia pilau ya maulidi. Nikajaribu moja hivo hivo kwa ukaidi. Ikatoka na rangi ya maji ya mchele.

Nikampigia bibi wa mavazi, akasema lakini kwenye duka waliambiwa pamba asilimia mia. Mimi na duka hatuna ugomvi, uzi umejieleza wenyewe. Tukakubaliana ninunue marikani, fundi wetu ashone mpya 15, siku sita zimebaki. Na marikani ndio ilikuwa sahihi tokea mwanzo ukifikiria, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo karne ya 19 ilikuwa inaletwa na meli za Wamarekani kutoka Salem mpaka ikachukua jina lao, mchukuzi wa 1890 angevaa nini kama si hio. Fundi akashona usiku na mchana, nikamletea mahamri na kunde za tui asije akalala. Nikatia rangi, nikatoa, nikasuza, nzuri, mashallah, rangi ya udongo mwekundu wa bara kabisa. Zikakauka. Na mishono yote ikang'aa meupe kama meno.

Fundi alishona na uzi wa poliesta. Kanzu 15, mishono yote, meupe pe. Sikumlaumu, ndio uzi aliokuwa nao na mimi ndiye sikumwambia, siku hizi hata kupata uzi wa pamba mtupu hapa kisiwani ni kazi. Nilikaa siku mbili na brashi ya kuchorea macho ya watoto kwenye vitabu, brashi namba moja, napaka mishono. Mita kwa mita. Dadangu alinikuta saa tisa usiku na tochi ya simu mdomoni akarudi kulala bila kuuliza.

Kuchakaza ndio raha. Msasa kwenye vifundo na viwikoni. Halafu kuna mbuzi ya nazi, ile ya nyanya, ukiipitisha pole pole kwenye upindo wa kanzu inakula nyuzi vizuri sana kushinda kisu, haikati, inatafuna, kama miaka inavyotafuna. (Nyanya hajui. Niliiosha.) Jasho nafanya kwa chai, majani yaliyopikwa mara ya pili, yakipoa napaka na sifongo la godoro kwapani na mgongoni, afu naianika ikunjikekunjike isikauke sawa. Kwa weusi wa uchafu wa miaka kuna dawa ya bure, misumari yenye kutu, nimeiokota pale wanapotengenezea mashua, nailoweka kwenye siki wiki nzima. Ukipaka maji hayo juu ya kitambaa kilichokunywa chai, au magome ya mkandaa ambayo ni bora zaidi, panageuka kijivu mpaka nyeusi mbele ya macho yako, hunipendeza kila mara kama mchezo wa watoto. Ila usizidishe, chuma hula kitambaa, baada ya miezi pale mahali patapasuka. Kwa filamu haina neno, filamu ni siku nne.

Na maji. Watu hawaniamini nkiwaambia maji ya kisima changu yananiharibia rangi lakini ndivyo, yana chumvi na chokaa, rangi inakuja na madoadoa. Maji mazuri hapa kisiwani yanatokana na yale machuguu ya mchanga ya Shela, kwa hivo kwa suuza ya kwanza nanunua mitungi inakuja kwa punda, na hio pia iko kwenye bei na hakuna anayeielewa akiisoma. "Maji ya punda, shilingi mia nane"? Ndio. Maji ya punda.

Kingine nilichojifunza pale ni kwamba kamera haipendi nyeupe tupu. Kofia za waungwana ziliposhonwa zilikuwa nyeupe kama theluji (sijawahi kuiona lakini ndio wasemavyo), na mwenye kamera akasema zinawaka, uso wa mtu unaonekana giza. Zote nikazichovya kwenye chai nyepesi sana, dakika mbili tu, ukiiangalia kwa macho bado nyeupe lakini kwa kamera inatulia. Na vikoi vya mistari myembamba sana vilirudishwa, kwenye skrini mistari inacheza kama ina homa.

Mamangu ndiye karibu aniue. Siku ya saba nimetundika kanzu nne zilizokamilika, zina jasho, zina matope, zina damu ya uongo moja yao. Nikaenda kulala. Mama kaamka alfajiri, kaona nguo chafu, yeye ni mtu wa usafi, akazitia kwenye beseni na sabuni ya unga na jiki. Kwa mapenzi. Naamka nakuta kanzu nne nyeupe peupe zinapepea, na mama ananiambia, "Nimekusaidia, zilikuwa zimechafuka sana." Sasa utamwambiaje? Nikasema ahsante mama. Nikaanza upya.

Lakini iliyonipa sifa kuliko kanzu ni leso. Waliniletea leso sita za duka wavae wanawake wa sokoni, nzuri, zina rangi, na zina majina, yale maneno ya chini, kwa herufi za Kirumi, na moja ilikuwa na simu ya mkononi ndani ya mji, pale katikati ya leso. 1890! Nikacheka peke yangu. Leso za mwanzo hazikuwa na jina kabisa, majina yameingia mwanzoni mwa karne ya 20 na yale ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata Kaderdina wa Mombasa, huyo muuza leso wa Mali ya Abdulla ambaye kila mama pwani ana doti yake kabatini, biashara yao imeanza 1887, kwa hivo kwa hadithi hii leso bado ni kitu kipya mjini. Na buibui nalo lilikuwa bado, walitaka kuwavalisha mabuibui wanawake wa kiungwana, nikawaambia hapana, wakati huo bibi wa kiungwana Amu akitoka alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kinachobebwa kwa miti, na waliokibeba ni watumwa, utumwa huku pwani umefutwa kisheria 1907. Bibi wa mavazi akanyamaza kwenye simu. Wakaamua wanawake wa kiungwana wasitoke nje kwenye filamu hio, ikawa rahisi kwa wote.

Basi leso nikachora mwenyewe. Nikachagua mtindo wa kisutu, nyekundu nyeusi na nyeupe, usio na jina. Stensili nilikata kwenye picha za eksirei za zamani za babu, zile plastiki ngumu, hazilowani na wembe unapita vizuri, kwa hivo kuna leso imechapwa na mbavu za babu yangu na hakuna anayejua. Rangi na sifongo, pindo kwanza halafu mji, kila doa kwa mkono. Nikiwa makini sana doa linakuja sawa mno kama la mashine, ikabidi nijilazimishe kukosea kidogo, nisogeze stensili nusu ya ukucha, maana mtu wa zamani aliyechapa na kipande cha mti hakuwa na haja ya kuwa sawa. Ikikauka pasi ya moto kwa nyuma rangi ishike. Halafu chai. Halafu jua siku mbili darini.

Malipo sasa. Tulikubaliana nusu iwe arubuni, nikapata robo. Iliyobaki ilikuja siku ya 71, nimehesabu, ikiwa imekatwa asilimia 5 ya kodi, hio ni sheria sina neno nayo, neno ninalo na hizo siku 71. Siku hizi sishiki brashi bila nusu kuingia kwenye simu, hata awe binamu. Binamu ndio khasa.

Na kwenye vitabu ndio nilipigwa vizuri zaidi. Kuna mchapishaji, simtaji, alitaka punda wa Amu kwa kitabu cha watoto, picha 22. Nikachora. Akasema punda anaonekana mnyonge. Nikamchora mwenye furaha, akasema sasa anafanana na farasi. Mara tisa nimerekebisha punda huyo, mpaka nikaenda kukaa gatini na daftari kumwangalia punda wa kweli, na punda wa kweli anaonekana mnyonge, sina la kufanya. Halafu bahari. Nilichora kwenye tableti bahari ya buluu ile ya Manda saa nne asubuhi, kitabu kikatoka bahari ina rangi ya suruali ya jinzi iliyofuliwa. Skrini inachanganya rangi kwa mwanga na mashine ya kuchapa inachanganya kwa wino, na ile buluu inayong'aa wino hauna. Ningejua ningeichora hafifu tokea mwanzo nikaicheza na nyeupe ya pembeni ionekane kali. Sasa najua.

Mwaka wa pili nikamwona punda wangu kwenye mabegi ya skuli. Mabegi! Nikapiga simu, nikajibiwa kwa adabu sana kuwa punda ni wao. Na kweli ni wao. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inasema kazi ukiagizwa na mtu, haki inahamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vyengine. Sikuwa nimekubaliana chochote, nilikuwa nimefurahi tu. Tangu hapo kila kazi naandika mistari mitatu kwenye WhatsApp, picha ni za kitabu hiki, kwa lugha hii, ukitaka begi au fulana tunazungumza upya, na nasubiri mtu ajibu "sawa" nipige skrinshoti. Wawili walikimbia kwa sababu ya mistari hio mitatu. Waende tu.

Miezi mengine ni kama ilivyo kwa kila mtu hapa. Upepo wa kaskazi ukivuma wageni wapo, mahoteli ya Shela yanataka menyu na ramani za ukutani, rangi inakauka kabla hujageuka. Kusi ikiingia, ni mvua, hakuna mgeni, kitambaa kinakaa siku tatu bado kibichi na kinaanza ukungu. Maulidi na tamasha la utamaduni ni mabango na matanga ya mashua za mashindano. Ramadhani nachora vitabu usiku. Harusi zipo daima, na hina ndio imenilipia umeme miezi mingi kuliko filamu, nasema kweli, mwaka 2020 ndege zilipofungwa ni hina za watu wachache nyumbani ndizo zilizotulisha.

Nirudi kwenye leso, nilikuwa sijamaliza.

Siku ya mwisho, kabla ya kuzipeleka, nilikuwa nimezianika zote sita kiwandani. Nyanya akashuka, na alikuwa na rafiki yake, bibi mmoja wa Mkomani, mkubwa sana, macho yake yana mtoto wa jicho lakini mikono yake iko sawa. Akapita pale akashika pindo la moja, akasimama. Akaisugua kwa dole gumba na cha shahada, akaigeuza upande wa nyuma, akaisugua tena. Mimi nimekaa kwenye ngazi nimeshika pumzi.

"Leso hini ni ya nani?" akauliza. "Hini ni ya kale. Mumeipata wapi? Mamangu alikuwa nayo ya namna hini."

Sikujibu. Miaka yote hio hakuna mtu aliyewahi kunipa maneno kama hayo na sikutaka kuyaharibu kwa kufungua mdomo. Nyanya naye kwa mara ya kwanza amenyamaza, ananiangalia mimi, anaiangalia leso.

Yule bibi akaivuta leso karibu na uso, kama watu wafanyavyo na nguo ya marehemu, akavuta pumzi ndefu.

"Mbona yanuka chai?"

Nyanya akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia, hio ni kazi ya mjukuu wangu, na akalitamka hilo neno kazi, mimi nimelisikia, afu akanigeukia akaniuliza kama kwenye ile sufuria kumebaki chai ya mgeni au nimezinywesha nguo zote.